Kuanzia kwenye Pindo

Mwanangu wa pili alikuwa na tabia ya kupiga nguo pasi halafu kuifua. Sisemi mchezo. Asubuhi za shule nilimkuta ameshawasha makaa, amepasha pasi, ameinyoosha sare mpaka imekaa kama ya dukani, halafu anaona doa dogo kwenye kola na kuitumbukiza yote kwenye beseni. Kisha anabaki kasimama na shimizi, maji yakimtiririka viwikoni, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia. Dada yake wakati huo ameshafika shuleni zamani.

Tulikaa Jinja, Uganda, chumba kimoja na veranda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Mombasa, tukimwona siku mbili tatu kwa mwezi, na mimi nilikuwa fundi cherehani pale pale verandani. Sote Wakenya. Nilizaliwa kwenye nyumba za reli Mombasa, na Kiswahili changu nilikiringia, nakiri. Miaka ile Jinja watu wengi walikiogopa Kiswahili kwa sababu kilikuwa lugha ya wenye bunduki, lakini mimi nilikisema sokoni kwa sauti, na wenzangu wakikosea niliwasahihisha bila kuulizwa. Tabia hiyo ilikuja kunitokea puani, nitaeleza.

Huyu binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Nikimtuma Masese, kule ziwani, kununua samaki, alirudi na beseni tupu na habari kamili ya ugomvi wa wanawake wawili, nani alianza, nani alimvua mwenziwe kilemba mbele za watu. Na samaki? Ala, samaki! Anageuka mbio kurudi, na beseni analiacha mlangoni. Mjinga hakuwa. Alijua nyimbo za kanisani kwa lugha nne, na aliweza kumwigiza kila mteja wangu kwa mwendo na kwa sauti mpaka nikashika mbavu. Lakini umpe mambo matatu kwa mpigo, la tatu linayafukuza mawili ya kwanza, na yeye anabaki katikati hajui ashike lipi.

Nilimpiga. Nayasema haya bila kujitetea, maana nilimpiga sana, kwa mwiko, kwa kandambili, kwa futi ya kupimia nguo. Nilidhani ni ukaidi. Nilidhani mtoto anajitia hamnazo ili akwepe kazi. Siku hizi mjukuu wangu ananiambia hali ile ina jina hospitalini, kwamba kuna watoto ambao umakini wao hautulii na kupanga mambo kunawashinda bila kosa lao. Sawa. Mimi sikuwa na jina lolote, nilikuwa na mwiko, na mpaka leo nikiukumbuka mwiko ule naona haya.

Mwalimu wake aliniita. Darasa la tano alikuwa amelirudia mara mbili, na mara ya tatu haitakuwapo, kiti chake kinatakiwa na mwingine. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alionekana amechoka tu. Alifungua daftari akanionyesha: hesabu imeanzwa haikuisha, insha imeanzia katikati, ramani ina mito lakini haina mipaka. "Mama," aliniambia, "mtoto huyu hapangiki." Nilirudi nyumbani nikilirudia neno hilo njia nzima, hapangiki, hapangiki, na hasira zangu hazikujua zimwendee nani.

Mlango mmoja tu ndio ulibaki wazi. Mwanamke wa kanisa letu aliniambia kuhusu masista huko Mbale waliokuwa na shule ya wasichana, ya ushonaji na kazi za nyumbani. Hawa hawakuangalia karatasi za mtihani. Msichana alipewa kitambaa saa mbili asubuhi, akate na kushona blauzi ya mtoto mdogo, peke yake, na aiweke mezani imekamilika kabla ya kengele ya saa kumi. Aliyemaliza alichukuliwa, na ambaye hakumaliza alikwenda zake. Nafasi hiyo ikimpita, mwanangu alikuwa ni wa jikoni tu, na baada ya jikoni ni kuozwa mapema kwa yeyote atakayemkubali. Tulikuwa na miezi mitatu.

Kushona alijua, jamani. Mpe mshono mmoja, ataunyoosha kuliko mimi. Kilichomshinda ni kujua mshono upi uje kwanza. Aliwahi kushona mkono wa gauni akauziba pande zote mbili. Aliwahi kupinda sketi kwa uzuri wa ajabu kabla hajaunganisha vipande vyake, ikawa na mapindo manne yasiyokutana. Kila siku nilimwambia: kwanza hiki, pili hiki, tatu hiki. Nilimwimbia hata kwa wimbo. Aliitikia wimbo vizuri sana, na kazi akaiharibu vile vile.

Wakati huo vitambaa vilikuwa vimeadimika kama sukari na sabuni. Maduka yalikuwa na rafu tupu na wenye maduka wapya, waliopewa baada ya Wahindi kufukuzwa, basi. Kwa hiyo sisi mafundi tuliishi kwa kufumua. Watu walituletea magauni ya zamani, mapazia, hata mashuka, tunafumua kwa wembe na kukata upya. Kufumua ni kazi ya kuchosha macho, na ndiyo niliyompa binti yangu, kwa sababu niliona katika kuharibu hakuna utaratibu wa kukosea.

Jumanne moja akaja mke wa afande mmoja wa kambini, mwanamke mrefu wa kaskazini, ametoka kujifungua karibuni. Alishika gauni la buluu lililotoka ng'ambo, zito, lenye bitana, limekatwa mshazari kwa ufundi ambao sijawahi kuuona.

"Nguo hii nafinya mimi hapa na hapa," alisema akijishika mbavu. "Fungua yote. Sunday tunabatiza mtoto."

Nikamwelewa upesi, kama kawaida ya watu wajuao kila kitu. Nikamsahihisha hata: unataka nifumue yote. Akasema ndiyo, ndiyo, fungua. Alikuwa mpole, hakutaka kubishana na mwalimu wa lugha asiyeajiriwa. Nikajua anataka gauni lifumuliwe lote nilikate upya kwa mwili wake mpya. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Buwenge, na nilisikia kuna mtu amepata nyuzi huko, nikamwachia binti gauni na wembe. Nikamwambia afumue lote, asiache uzi.

Niliporudi alasiri nilikuta mkeka umefunikwa kwa buluu kutoka mlangoni mpaka ukutani. Vipande ishirini na kitu, vimelala kimoja kimoja kwa mstari, na nyuzi kuukuu zimewekwa pembeni ya kila kipande. Hakuna pa kukanyaga. Nilikuwa nimechoka, jua limenichoma, nyuzi zenyewe sikuzipata. Nikafoka. Nikauliza huu ni mkeka wa kulalia au ni uwanja wa mpira, nikainama kuvikusanya nivitie kwenye kikapu. Binti yangu akajitupa juu ya mkeka, mikono ameitandaza.

"Usiguse, Mama. Ukigusa vitasahau."

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Sijui nini kilinizuia, labda lile neno, vitasahau. Nikaukalia mkono wangu, kweli kabisa, nikaketi juu yake kwenye kigoda, na nikamwambia haya, vinakumbuka nini. Akasema vinakumbuka njia. Akanionyesha: mlangoni uzi wa pindo, maana ndio aliotoa kwanza. Halafu vifungo. Halafu mikono. Halafu kola, kiuno, mbavu, mpaka ukutani ambako kulikuwa na ile mikunjo midogo ya kifuani. Alikuwa na macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, ya mtu aliyetulia.

"Nimeona, Mama. Kilichotoka mwisho ndicho kilichoanza. Ukitoka ukutani ukaja mlangoni, unapata gauni."

Nilisema tu tule, na usiku huo tulilala tumejibana kwenye kona ili tusikanyage mkeka.

Alhamisi mke wa afande akapita kuona kazi. Alisimama mlangoni akautazama mkeka. Kisha akauliza nguo yake iko wapi. Ndipo nikaelewa, na roho ikanitoka. Kumbe fungua yote ya kwao ni kulegeza tu, kuachia ile nafasi iliyofichwa kwenye mishono ya ubavuni, kazi ya nusu saa. Gauni hilo mumewe alimletea kutoka ng'ambo, na ndilo atakalobatizia mtoto. Na mimi, bingwa wa Kiswahili, nimelichana vipande vipande. Nje gari la jeshi lilikuwa linangurumishwa, dereva anamngojea. Miaka ile mtu hakusubiri kujua afande akikasirika inakuwaje.

Binti yangu ndiye aliyesema. Alimwamkia kwa heshima, akamwambia nguo iko hapa yote, haikupotea hata uzi, na kesho mchana itakuwa imerudi. Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya juma. Mwanamke yule akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akasema atakuja kesho saa nane, akaondoka.

Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa fundi wa miaka kumi na mitano, lakini gauni lile nisingeliweza. Vipande vya kushoto na vya kulia vilifanana kwa udanganyifu, bitana ilikuwa na vipande vyake, na mshazari ukikosea kidogo nguo inaning'inia kama gunia. Mimi niliketi kwenye cherehani na binti yangu akasimama ukutani, na ndiye aliyeamuru. Nilinyoosha mkono kuchukua kola nikaambiwa, "Hapana Mama, hiyo bado." Nikataka kuanza bitana nikaambiwa bitana inangojea mabega. Mtoto aliyesahau samaki Masese! Alikuja hatua kwa hatua kutoka ukutani kuelekea mlangoni, na hakuruka kipande. Ijumaa saa saba gauni lilikuwa limesimama, na ubavuni tumeliachia vidole viwili.

Mke wa afande akalivaa nyuma ya pazia, akatoka, akazunguka mara mbili. Likamkaa. "Huyu mtoto iko akili," akasema. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike Uganda, sikumsahihisha mtu. Niliona hiyo sentensi ni sahihi kabisa, nilitaka airudie. Kichwa kilinivimba hivi kwamba jioni niliwasimulia majirani wote, hata nisiosemezana nao.

Tangu hapo tukaacha wimbo wa kwanza, pili, tatu. Tukaanza kufumua kila kitu. Tulifumua asubuhi: umekaa darasani, kengele imelia, una nini mguuni? Viatu. Kabla ya viatu? Soksi. Kabla ya soksi? Sare imenyooka. Kabla ya hapo? Anafikiri, halafu anacheka mwenyewe: imefuliwa jana. Tulifumua hata wali, kutoka sahani mpaka kuwasha jiko. Sisemi alipona, maana hakuwa mgonjwa. Zilikuwapo siku zimempotea zote, siku nilizosaga meno mpaka taya zikauma. Lakini mwiko ulirudi kwenye kazi yake ya kusonga ugali. Baba yake alipokuja safari moja, alimkuta binti amesimama katikati ya chumba anasema peke yake kinyumenyume, akaniuliza kama mtoto ana homa. Nikamwambia anapanga, na asimkatize.

Siku ya kwenda Mbale tulipanda basi la kupitia Tororo, tukashushwa mara tatu na wanajeshi kufunguliwa mizigo, tukafika tumejaa vumbi. Tulilala Nakaloke, pembeni mwa mji, kwa dada wa yule mwanamke wa kanisa. Asubuhi binti yangu aliamka kabla yangu, akavaa, hakusahau kitu ila kitana, na kitana nilikuwa nacho mimi.

Wasichana walikuwa kumi na wawili kwenye chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama mlima. Sista aliyewasimamia alikuwa kijana, mtu wa huko huko Bugisu, ana miwani. Aliwaambia kwa Kiswahili cha taratibu: "Saa kumi napiga kengere. Iliyokwisha imekwisha." Wazazi tukawekwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha ambalo tukiinua shingo tuliona ndani, tumekatazwa kuwasemesha watoto hata neno.

Mikasi ikaanza kulia mle ndani. Kumi na mmoja wakakata. Wangu alikaa. Saa tatu alikuwa amekaa, mikono juu ya kitambaa. Saa nne, vile vile. Mama mmoja pale bencheni akaninong'oneza, wako amelala? Nikamkata jicho, nikamwambia wako achunge vidole vyake. Lakini ndani yangu nilikuwa nimekwisha. Niliing'ata lesso yangu. Nilisema moyoni, mwanangu, kata, kata chochote, hata ukikosea. Saa tano kasoro akaomba chaki. Akachora juu ya meza, kuanzia mkono wa kulia: vifungo, pindo, na kuendelea kushoto, alama kwa alama, mpaka ukingo wa meza. Sista akapita, akasimama nyuma yake, akazisoma alama zile, akaenda meza nyingine. Ndipo binti yangu akashika mkasi.

Alikuwa amewaacha wenzake watangulie kwa saa tatu nzima, sasa akaanza kuwafikia. Wengine walikuwa wanafumua walichokosea, yeye hakufumua kitu. Saa nane nikaanza kupumua. Saa nane hiyo hiyo msafara wa malori ya jeshi ukapita barabarani, mengi, askari wanaimba. Nani kama mwanangu kwa kupenda wimbo? Aliinuka, akaacha sindano inaning'inia, akaenda dirishani, na akasimama hapo anaimba na jeshi, kichwa kinamtikisika. Malori yalipita yote. Yeye akabaki anatazama vumbi. Nilikuwa chini yake, mikono miwili kutoka miguuni pake, na sikuruhusiwa kusema jina lake. Sijawahi kunyamaza kwa uchungu kama ule. Machozi yalinitoka kwa hasira, nikamwomba Mungu amgeuze, mimi siwezi.

Akageuka. Akarudi mezani, na pale nikaona uso wake umepotea, hajui alikuwa wapi. Ilikuwa ni ile sura ya beseni na shimizi. Halafu akaweka kidole kwenye chaki. Akakisogeza kwenye alama ya kwanza, ya pili, akasimama kwenye mikono. Akaangalia nguo. Mkono mmoja umeshonwa, mmoja bado. Akaketi, akatunga uzi.

Kengele ilipopigwa alikuwa anakata uzi wa kifungo cha mwisho kwa meno. Wanne hawakumaliza. Blauzi ya mwanangu haikuwa nzuri kupita zote, bega la kushoto lilikuwa limejikunja kidogo, na mimi kama fundi ningeirudisha. Lakini ilikuwa juu ya meza, na ilikuwa na vifungo vyote.

Tukaitwa ndani mmoja mmoja, mzazi na mtoto. Sista alikuwa na daftari kubwa. Akauliza jina, umri, kanisa, tulikotoka, na yote niliyajibu mimi, harakaharaka, kama nilivyomjibia mtoto huyu maisha yake yote kwa walimu, kwa majirani, kwa wauza samaki. Kisha sista akavua miwani akamtazama yeye.

"Na kazi gani unaiweza zaidi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na majibu tayari: kushona kwa mkono, kuimba, kufumua, na udhuru wangu wa siku zote ukifuata nyuma, kwamba ni mzito wa kuanza lakini ana moyo mzuri. Binti yangu akaniwekea mkono juu ya goti, kwa upole, kama mtu anavyomtuliza mtoto kanisani. Nikafunga mdomo.

"Kumaliza," alisema.

Sista akaliandika neno hilo kwenye daftari, kwenye nafasi yake, akalipulizia wino ukauke. Mimi nililia pale pale mbele yao, bila haya, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.